Taa ya Kijani Kichwani mwa Gitaa

Kuna video ya dakika nne kwenye simu yangu. Nimeiangalia mara moja tu, na sina ubavu wa kuirudia.

Ndani yake napiga gitaa vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Watu wanapiga makofi.

Ngojeni niwape mkasa wote. Msinihukumu kabla sijamaliza. Nikimaliza, hukumuni tu.

Naitwa Aikande. Nilikuja Karatu kutoka Machame kutafuta maisha, nikaangukia kibarua cha kufua mashuka kwenye kambi moja ya watalii.

Jumamosi mchana nilikuwa najifunza gitaa kwa mwalimu Mathias, kwenye chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Tulikuwa saba, tunakaa duara.

Mwalimu hakuwa mtu wa nadharia. Kila ufundi aliupa wimbo wake, tena wimbo ambao hata muuza mkaa anaujua. Kudonoa nyuzi kwa gumba na kidole cha shahada tulijifunzia zilipendwa. Kuzizima kwa kiganja, Bongo Fleva. Alisema wimbo ukiwa tayari kichwani, kazi inabaki kwa vidole tu.

Ile kodi ya F, mshiko wa nyuzi kadhaa kwa pamoja, wapiga gitaa wananielewa, ilinitesa miezi miwili. Kidole kimoja kinalala juu ya nyuzi zote sita, na changu kilikuwa kimechanika kwa sabuni.

Aliyenitoa kwenye mateso hayo ni Mwamini, binti wa mzee Abdulmajid mwenye duka la vitenge pale mjini. Darasa likiisha alikuwa anabaki na mimi.

"Shosti, usibonyeze kwa tumbo la kidole. Kigeuze kidogo, tumia ubavu."

Siku F ilipolia, alifurahi kunizidi.

Mwamini alikuwa mkali kuliko sisi wote. Tena ndiye pekee aliyekuwa na tyuna, kile kidude unachokibana kwenye kichwa cha gitaa. Uzi ukiwa haujakaa sawa kinawaka nyekundu, ukikaa sawa kijani. Mimi na yeye simu zetu zilikuwa vitochi, hazina programu ya kupangia nyuzi, na masikio yetu bado machanga. Bila kile kidude tulikuwa tunabahatisha.

Basi mwalimu akaleta mchongo. Loji moja huko juu, ukingoni mwa kreta, ilitaka mtu wa kuwapigia wageni gitaa jioni. Nafasi moja. Wa kusikilizwa wawili, mimi na Mwamini.

Sasa, ukipandisha gitaa kule juu, ile baridi inazihamisha nyuzi. Mjini zilikuwa sawa, ukifika ni vurugu tupu. Mwalimu hakupanda nasi, ila alitukumbusha mara tatu tuzipange upya kabla ya kupiga.

Tulipofika, ukungu ulikuwa mpaka mlangoni. Mwamini akatoa tyuna kwenye pochi, akanipa mimi kwanza. Alisema mikono yangu inachelewa kupata joto.

Nikaingia maliwatoni. Nikaliegemeza gitaa kwenye sinki, nikageuza uso wa tyuna mbele ili nione vizuri. Nyekundu, nyekundu, kijani. Nikazimaliza zote sita.

Halafu nikasimama pale nikiwaza mashuka.

Nililisukumia gitaa mkobani, nikatoka na kumwambia Mwamini betri imekufa. Nikaongeza kwamba hata mimi nimebakiza uzi mmoja, nitaenda hivyo hivyo. Mpaka leo sijui ule uongo niliutoa wapi.

Aliniangalia kidogo. "Haina neno," akasema.

Alianza yeye. Vidole vilikwenda panapotakiwa, sauti zikatoka mbovu. Wimbo wenyewe kila mtu anaujua, kwa hiyo kila mtu alisikia. Wahudumu wakaanza kutazamana. Alipiga mpaka mwisho.

Kisha mimi. Niliinamia vidole vyangu wimbo mzima, kama kawaida yangu. Nilipoinua macho, meneja alikuwa anakuja kunipa mkono.

Mwamini alinikumbatia. Hata gitaa alinirudishia yeye mkobani.

Tyuna sikuiona tena. Niliitafuta mifukoni, nikarudi hadi maliwatoni, wapi. Naye hakuniuliza. Nikashukuru Mungu kwa hilo, fikiria roho mbaya ilivyo.

Darasani hakurudi. Alimwambia mwalimu kwamba kazi za dukani kwao zimekuwa nyingi.

Nimepiga pale miezi minane. Nikanunua simu ya maana. Lakini kila nikishika F, namkumbuka, na chakula cha loji hakishuki.

Wiki iliyopita Obed, mhudumu wa pale, akanitumia video. Alinirekodi ile siku ya kwanza, akaikuta kwenye simu yake ya zamani.

Nikaifungua nikicheka.

Tyuna ilikuwa kichwani mwa gitaa, imewatazama watu. Kila nikigusa uzi, kijani. Betri nzima kabisa.

Na Mwamini amekaa mbele, anaitazama ile taa kuanzia sauti ya kwanza hadi ya mwisho.

Mwishoni meneja ananipa mkono. Mwamini anachukua gitaa, anampa meneja mgongo, anaichomoa tyuna na kuitumbukiza kwenye pochi. Ndipo analifunga gitaa mkobani.

Alinisitiri. Mimi nilikuwa nacheka na meneja.

Asubuhi yake nilikuwa dukani kwao. Alikuwa anapima kitenge. Nikaweka simu mezani, nikaanza kulia kabla sijasema neno. Hata hakuitazama.

"Najua kilichomo, Aika. Nilikuwa nasubiri uje bila video."

Nikamwomba msamaha. Nikamwambia nitakwenda kumweleza meneja, nafasi ni yake.

"Kumweleza ni juu yako. Nafasi siitaki tena. Nilishakusamehe kule kule juu, kabla hatujashuka. Ila kukuamini, hapana."

Akaingia mteja, akamkaribisha.

Meneja nimemweleza leo, nasubiri uamuzi wake. Ukiniuliza, hilo ndilo jepesi.

Ndugu zangu, kama kuna mtu umemkosea, nenda leo, kabla ushahidi haujafika. Mimi nilikuwa na miezi minane ya kuungama. Nilikwenda baada ya kukamatwa.