Kila Usiku Analewa

Mama Pazia hakuwa na mtoto aitwaye Pazia. Jina alilipata juu ya ngazi, kwa miaka kumi na mmoja ya kutundika mapazia katika ofisi, kumbi na nyumba za watu wanaotaka kila mkunjo uanguke sawasawa na mwenzake. Alikuwa na jicho kali na mdomo mkali zaidi. Akikwambia bomba la pazia limepinda, limepinda, na ukibisha atakusubiri upime mwenyewe uaibike.

Kisha sikio la kulia likamgeuka. Aliamka asubuhi moja dari inazunguka, akatapika hadi nyongo. Daktari akamwambia ugonjwa uko sikio la ndani, pale mwili unapopimia msimamo wake. Atapona, ila polepole, na asiendelee kulala ameketi. "Lala chali, geukia kulia, kizunguzungu kije kipite. Ubongo lazima ujifunze upya."

Ni rahisi kusema ukiwa na kitanda kinachotulia. Cha kwake, kila akigeukia kulia, kiliinuka upande mmoja kama kinataka kummwaga, naye akashika ubao wa kichwani kwa mikono miwili hadi kitanda chote kikalia. Taa hakuruhusu izimwe, maana gizani macho yalikosa pa kushika. Usingizi ukija ulikuwa wa mang'amung'amu, dakika ishirini, kisha anashtuka akihisi anaanguka. Ikawa hivyo miezi mitatu. Mchana alitembea akigusa kuta, na alimchukia waziwazi kila mtu aliyelala vizuri.

Wa kwanza kuchukiwa alikuwa wifi yake. Dada huyu wa mumewe, mshonaji katika duka lilelile la mapazia, alihamia kuja kumwuguza kwa wiki mbili. Mume akapelekwa kwenye kochi sebuleni, wanawake wakabaki chumba kimoja, vitanda vimepakana. Tuseme haki: mwanzoni wifi alibeba ndoo za matapishi bila kukunja uso. Wiki mbili zilipogeuka miezi, uso ulijikunja wenyewe.

"Wifi, hiyo taa."

"Iache."

"Mimi nina kazi asubuhi."

"Na mimi nina ugonjwa. Jifunike shuka usoni."

"Nijifunike kama maiti?"

"Sitakuzuia."

Ndivyo walivyotakiana usiku mwema. Asubuhi hawakusalimiana, na chai kila mtu alijipikia yake.

Mwezi wa tatu ukielekea ukingoni, daktari akamruhusu kupanda ngazi. Duka nalo lilikuwa limepata kazi ya ukumbi mkubwa, madirisha kumi marefu. Bosi, mtu asiyegusa pombe hata kwa ncha ya ulimi na aliyewahi kumfukuza fundi kwa harufu tu, akamwuliza wifi mgonjwa anaendeleaje. Wifi alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Hakuinua macho.

"Bado analewa, Bosi. Kila usiku analewa, hata mimi silali. Jana kajigonga mlangoni."

Jioni hiyohiyo Mama Pazia alipata ujumbe kwenye simu kwamba asirudi kazini. Kesho yake alijikokota hadi dukani, damu inamchemka. Bosi alimnusa kwanza, akamsalimu baadaye.

"Nimeambiwa unalewa, mama."

"Ndiyo, nalewa," akajibu, maana nyumbani ndivyo walivyozoea kukiita kile kizunguzungu.

"Tena unakiri!"

"Nifiche nini? Nikigeukia kulia tu, nalewa."

"Na kushoto?"

"Kushoto afadhali."

Bosi akamkodolea macho. "Mama, wewe unakunywa kwa upande?"

Hapo ndipo Mama Pazia alipoelewa. Akatoa cheti cha daktari mkobani, akakibamiza mezani, mkasi ukaruka. Bosi alikisoma mara mbili, kisha akacheka hadi akavua miwani. Mama Pazia hakucheka. Alimtazama wifi yake, aliyekaa nyuma ya cherehani.

"Mimi sijataja pombe," wifi akasema. "Nimesema analewa, na analewa. Nimedanganya wapi?"

"Basi, yaishe," Bosi akasema. "Kesho ukumbini. Ukimaliza madirisha kumi, ngazi ni yako kama zamani. Ukishindwa, namchukua fundi mwingine, maana siwezi kungoja tena. Wifi yako atakushikia ngazi."

Katika kazi ile hakuna anayepanda bila mtu wa kushika chini. Mama Pazia alipanda akitukana kimoyomoyo kila kidato, nusu akilitukana sikio, nusu mikono iliyokuwa chini yake. Aliweka jicho kwenye skrubu, akageuza kichwa taratibu, akaning'iniza kulabu mojamoja. Dirisha la kwanza lilimtoa jasho la baridi. La tatu likaenda vizuri. Alipofika la sita alijikuta anawaza mikunjo badala ya kuanguka, na furaha ikamshika hata akataka kulia.

Kwenye la saba ngazi ikayumba.

Sikio, akawaza, leo limeniua. Akafanya alivyofundishwa, akakazia macho kitu kimoja. Skrubu ilitulia. Ukuta ulitulia. Kilichosogea ni ngazi. Akatazama chini polepole. Wifi alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kidato, mdomo wazi, mikono imelegea. Amelala.

Hakupiga kelele, maana aliyeshtuliwa angeweza kuisukuma ngazi. Alishuka kidato kwa kidato. Alipogusa sakafu Bosi alikuwa anaingia.

"Mbona umeshuka? Kuna nini?"

Wifi akazinduka. Macho yake yalikuwa mekundu, yamevimba, na Mama Pazia aliyatambua, kwa kuwa ndiyo aliyoyaona kwenye kioo chake kila asubuhi. Alijua ni taa ya nani iliyoyafanya vile. Angeweza kusema mguu umechoka. Angeweza kuomba maji.

"Wifi," yule aliyezinduka akanong'ona. "Nakuomba."

"Amelala," Mama Pazia akamwambia Bosi. "Nikiwa juu."

Bosi hakuuliza la pili. Madirisha yaliyobaki alishika ngazi mwenyewe, na la kumi liliponing'inia alimpa Mama Pazia ufunguo wa stoo ya vifaa, kama zamani. Wifi alikuwa ameshakusanya mikasi yake na kwenda.

Usiku kitanda cha pili kilikuwa hakina shuka. Mume alisimama mlangoni na simu mkononi.

"Dada yangu hana kazi. Umemfanyia hivyo mtu aliyekuogesha?"

"Nimesema nilichokiona."

"Ulishindwa kunyamaza? Mara moja tu?"

Mama Pazia akajilaza chali, kisha akageukia kulia na kukisubiri kitanda. Kiliinuka kidogo, kikasita, kikatulia. Mume akaendelea. Alimwuliza kama ana moyo au ana jiwe. Alimwuliza kama anadhani nyumba hii itakuwa ya amani tena. Akanyamaza angoje jibu, ndipo akasikia mkoromo. Mkewe alikuwa amelala fofofo, na hakugeuka hata mara moja hadi kulipokucha.