Mfuko wa Upepo Uliofuliwa

Wakati wa Mwingereza nilikuwa mtunza uwanja wa ndege hapa Tabora, na pia mzee wa kanisa. Jumamosi moja asubuhi niliona mfuko wa upepo, ule unaomwonyesha rubani upepo unakotoka, umejaa vumbi jekundu. Kwetu kila nguo hufuliwa Jumamosi, Jumapili isitukute na uchafu. Nikaushusha mlingotini, nikampelekea mke wangu.

Mchana mwanafunzi wa urubani, kijana wa Kizungu, alikuja kutua peke yake kwa mara ya kwanza. Upepo ulimpiga ubavuni. Magurudumu yalipogusa ardhi ndege ikapinda, ikamshinda kuiongoza, ikaishia kwenye shamba la karanga. Namshukuru Mungu alitoka mzima.

Nikavua kofia, nikawaongoza vibarua wa uwanja katika sala. “Bwana, umsamehe kijana huyu uzembe wake.”

Kabla sijamaliza, mwalimu wake akautazama mlingoti mtupu. “Mzee, mfuko uko wapi?”

Mke wangu alikuwa anakuja, ameukunja vizuri kifuani.

“Baba Yohana, umekauka. Nimeupiga hata pasi.”

Vibarua hawakuitikia amina, nami sikuwadai.