Mlango wa Nne Ulikuwa Kapolowe

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Likasi, sikupewa nyundo. Chefu, yaani mkuu wa karakana ya kampuni, mtu mnene asiyecheka kabla ya chai, alinisimamisha kando ya gari la mkurugenzi akaniamuru nifunge mlango na kuufungua, nifunge na kuufungua, mpaka adhuhuri. Nilidhani ananichezea. Kisha akauliza nimesikia nini. Nikamjibu nimesikia mlango.

"Sikia muzuri," akasema. "Mulango mubaya inasema mara mbili. Ile muzuri inasema mara moya, inanyamaza."

Nyinyi vijana mnaoziba matundu ya kutu kwa mastiki na kupaka rangi juu, mnisamehe, lakini sisi tulifundishwa kuvua kwanza. Unatoa mkono wa kuzungushia kioo, kartoni ya ndani, kioo chenyewe, kitasa, na mwisho bawaba. Nyuma ya kila bawaba kuna vibati vyembamba tulivyoviita kale, ndivyo vinavyousogeza mlango ukae sawa. Kila bawaba ina kale zake, na sisi tulizifunga kwa uzi palepale. Ukizichanganya ni kama kuchanganya viatu mlangoni mwa msikiti: kila mtu atarudi kwake akichechemea.

Nilitumwa Kambove, nikarudi Likasi nikiwa msaidizi wa chefu, halafu kazi ikafa. Karakana ikafungwa, chefu akaenda kulima kwao, nami nikahamishia nyundo zangu kwenye ua wangu mtaani Kikula. Huko ndiko alikonikuta Papa Dieudonné, dereva mstaafu wa mkurugenzi.

Mkurugenzi alipoondoka alimwachia gari lile jeusi la kizamani, lenye pua ndefu. Askari walipoanza kupora mji, wengi walificha magari yao. Papa Dieudonné aliling'oa lake milango yote na kuliacha uani, akisema hakuna askari atakayeiba mbuzi aliyekwisha kuchunwa. Na kweli hawakuligusa. Milango mitatu aliificha chini ya vitanda vya majirani, wa nne akampelekea dada yake mkubwa, Mama Agnès, kule Kapolowe. Kale zote, ole wangu, alizitupa pamoja ndani ya kopo moja la maziwa.

Sasa binti yake Clarisse alikuwa anaolewa Jumamosi. Siku zile maharusi walikwenda kanisani kwa baiskeli, gauni limekunjwa magotini. Papa Dieudonné alikuwa amemwapia tangu utotoni kwamba atampeleka kwa gari lile, na mlango atamfungulia yeye mwenyewe, kama alivyowafungulia wakubwa maisha yake yote.

Milango mitatu niliikuta imeliwa na kutu chini, maana matundu ya kutolea maji yalikuwa yameziba. Nikakata, nikachomea, nikanyoosha. Tukaenda Kapolowe kuchukua wa nne, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Mama Agnès alikuwa ameujengea kwa tofali za udongo katika ukuta wa jiko lake, ukawa dirisha. Akizungusha mkono, kioo kinashuka, moshi unatoka. Ulikuwa mzima kuliko yote: masizi na mafuta ya mawese yalikuwa yameulinda.

"Yaya, ile mulango ni ya Clarisse," Papa Dieudonné akamwambia dada yake. "Minye nilimuapia."

"Na moshi yangu itapita wapi?"

Alikipandisha kioo, akakishusha, ili tuone tunachomwomba. Mdogo wake aliinamisha kichwa.

"Nitakukopesha," Mama Agnès akasema. "Kukopesha, hapana kupa. Na mu gari minye nitaikala pembeni ya mulango yangu."

Ijumaa mchana, mlango wa Kapolowe ndio uliotusumbua. Ulisema mara mbili. Nikakata kale mpya kutoka kopo la samaki, nikaongeza juu, nikapunguza chini. Papa Dieudonné alikuwa amesimama kama mtu anayengoja hukumu. Nikamwambia afunge. Ulisema mara moja, ukanyamaza. Nilifurahi hadi nikataka kumkumbatia mtu, na aliyekuwa karibu alikuwa yeye, tayari analia.

Jumamosi alimfungulia binti yake mlango, kofia mkononi. Mama Agnès, kwa mazoea ya jiko, alishusha kioo kabla hatujaondoka, akatoa kichwa nje na kupiga vigelegele mpaka kanisani.

Jumatatu nikaurudisha ukutani, safari hii juu ya bawaba ili ufunguke na kutoka upesi, Papa Dieudonné akinikandia udongo. Tangu hapo kila baba aliyelitaka gari lile kwa arusi alikwenda kwanza Kapolowe na sabuni au chumvi, akamwomba Mama Agnès mlango, naye aliuliza kama bibi arusi ana heshima. Nimeufunga na kuufungua mlango ule mara nyingi kuliko mwingine wowote maishani mwangu.

Sasa nimestaafu, vidole havishiki boliti ndogo. Mama Agnès ametutoka, na jikoni mwake anapika Clarisse, aliyerithishwa nyumba. Nikipita Kapolowe naingia, naufunga mlango ule nikiwa nimefumba macho. Clarisse hungoja nimalize kusikiliza, kisha huzungusha mkono na kushusha kioo, maana sufuria iko motoni na moshi lazima upite.