Filimbi Isiyo na pa Kupumulia

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Lindi, na juzi nilijiona bingwa wa muziki. Sista mmoja mgeni alikuja parokiani na kinubi, nami nikachukua wimbo wa kale wa Kilatini, wa sauti nne, nikaupanga upya uwe wa filimbi na kinubi. Sauti ya kwanza nikaipa filimbi, tatu zilizobaki nikazipa kinubi. Nikaziingiza noti kwenye kompyuta, ikaupiga wote bila kukosea. Nilirukaruka chumbani kama nimefunga goli!

Mpuliza filimbi wetu, Bosco, alikuwa kijijini Rutamba akivuna korosho. Akafika Jumapili yenyewe, Misa ya jubilei ya padri ikikaribia kuanza. Nikamkabidhi karatasi ya noti, juu nimeandika onyo: "Usikate popote. Wimbo utiririke kama maji."

"Sawa, mwalimu."

Wakaanza. Lo! Kanisa zima kimya, kina mama wamefumba macho. Mimi mikono juu, najisikia niko Roma. Nikamwona Bosco ametoa macho, mishipa ya shingo imemsimama. Nikadhani ni Roho Mtakatifu, nikazidi kumhimiza.

Kumbe kwaya hupokezana pumzi. Mmoja akivuta, wenzake wanashikilia sauti. Bosco alikuwa peke yake.

Filimbi ikalia kama kifaranga, ikakatika. Bosco akahema, kisha kwa adabu zote, mbele ya padri na waumini, akauliza:

"Samahani, mwalimu, mimi napumua wapi?"

Nikainamia noti nimwonyeshe. Hapakuwa na mahali.