Firigisi Niliyoikimbiza Ukweni

Mpaka leo nikipita Petta, kijiji cha ukweni, navuta kofia mpaka puani, maana kule hawaniiti Wandera, wananiita Bwana Firigisi, na hata watoto ambao siku ile walikuwa wanabebwa mgongoni wananiita hivyohivyo kana kwamba ndilo jina nililobatizwa. Naona haya kuieleza habari hii, lakini ni afadhali muisikie kwangu kuliko kwa shangazi, kwa sababu kila anapoisimulia yeye, yule mbwa huongezeka ukubwa.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba karibu na Busia, kazi yangu ni kutia mashine mafuta. Ufundi nilijifundisha mwenyewe, nikaanza na cherehani ya mama (niliifungua ikiwa nzima nikaifunga ikiwa nzima, ila tangu siku hiyo ilipenda kushona kurudi nyuma), halafu saa ya ukutani, halafu pampu ya maji. Na ugonjwa wangu ni mmoja tu: siwezi kuacha kitu kizuri kikabaki kizuri, lazima kiwe sawasawa kabisa. Meza ya kanisani ikiyumba hata kidogo, mimi mahubiri siyasikii tena.

Basi nilitaka kumwoa Athieno, binti wa Mzee Owor, mkulima wa pamba wa Petta. Shangazi ndiye aliyekuwa mshenga, na katika kunipamba akawaambia kwamba mimi ni fundi wa injini. Mzee Owor akamjibu kwa Kiswahili cha kwao, "Fundi mingi nasema fundi. Mimi nataka kuona na macho. Akuje na injini yake."

Injini sikuwa nayo. Aliyekuwa nayo ni baba mdogo Ouma, aliyerudi kutoka vita vya Wazungu na mguu unaochechemea, kisha akanunua pikipiki kuukuu aliyoipenda kuliko ule mguu mzima. Akakubali kuniazima.

"Jaza petroli, angalia upepo, panda, nenda. Usiifungue."

"Ndiyo, baba."

"Wandera, nakujua. Usiifungue."

Nikaiendesha mpaka nyumbani, na njiani nikasikia tik. Tik, tik, tik. Kasauti kadogo, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe chumba cha pili. Mtu mwenye akili angepiga mluzi asiisikie. Mimi nikaona moja kwa moja Mzee Owor ameinamisha sikio na kusema, fundi gani huyu ambaye injini yake inagonga? Ilikuwa Alhamisi, na safari ni Jumamosi. Nikajiambia nitafungua kichwa cha injini tu, nichungulie, nifunge.

Aliyewahi kufungua kichwa cha injini anajua kwamba hakuna "kichwa tu". Ukikiinua unaiona pistoni nyeusi kama tako la sufuria, utaiachaje? Ukishaikwangua unaona valvu hazikai vizuri, basi unazitoa uzisugue, na ukishazitoa silinda inakutazama kama mtoto aliyenyimwa, nayo unaing'oa ukague ringi. Ijumaa mchana nusu ya injini ilikuwa imelala kwenye ungo wa mama, nimeipanga kwa safu, kila kitu kikitazama upande mmoja.

Humo kulikuwa na kabari nne. Hizi ni vipande vidogo vya chuma, kila kimoja kama nusu ya punje ya hindi, mbili kwa kila valvu, na kazi yao ni kuishika shingo ya valvu isichomoke kwenye springi. Kabari moja ilikuwa na doa la kutu dogo kama jicho la kiroboto. Nikalisugua likatoka, nikalisugua tena ingawa lilikwisha kutoka, nikaikausha kabari kwa hanchifu yangu ya kanisani kwa kuwa matambara mengine yote yalikuwa yanaacha nyuzi, halafu nikaenda kunawa.

Niliporudi, jogoo wetu mwekundu amesimama ndani ya ungo, shingo juu, anameza kitu. Nikamfukuza. Shangazi, aliyekuwa anamtafuta, akamdaka palepale, akamfunga miguu, akaenda naye kupanda basi la Tororo, maana huyo ndiye jogoo wa kupelekwa ukweni, na shangazi alitakiwa kutangulia.

Jioni nafunga injini, nahesabu kabari: tatu. Napekua ungo, napekua majani, napekua nywele zangu. Tatu. Ndipo nikaikumbuka ile shingo ya jogoo.

"Mama, jogoo amemeza injini!"

Mama hakuinua hata kichwa kutoka kwenye dengu zake. "Basi iko kwenye firigisi, inasagwa. Angalau yeye akianza kazi anaimaliza."

Nikachonga kabari nyingine kwa tupa kutoka kwenye msumari mnene. Ilifanana na wenzake kama mimi ninavyofanana na askofu, lakini ilikaa, na injini iliwaka. Jumamosi nikavaa koti la kanisani (hanchifu ilikuwa tayari mfukoni, imekunjwa vizuri kama kawaida yangu) nikaondoka. Upepo ulinijaa masikioni hata nisisikie tik yoyote, nikapita chini ya mwamba wa Tororo nikiwapungia mkono watu nisiowajua.

Petta walikuwa wamejipanga uani kunipokea. Nilipokaribia tu injini ikapiga PAA, ikakohoa moshi, ikanyamaza. Sikuhitaji kuifungua: ule msumari umelika, valvu imelegea. Nikaingia ukweni nikisukuma.

"Karibu, fundi," akasema kaka yake Athieno. "Sasa hii ndiyo imekuleta, ama wewe ndiye umeileta?"

Nikakalishwa mbele ya wazee. Mara nikasikia nyuma ya jiko sauti ya jogoo ninayemjua, sauti yake ya mwisho. Jasho likanitoka. Kabari yangu iko mle ndani, firigisi itapasuliwa, uchafu wake utatupwa vichakani, na bila kabari injini haiwaki, na injini isipowaka mimi si fundi, na nisipokuwa fundi Athieno haolewi na mimi. Nikaomba ruhusa ya kwenda haja, nikazunguka jiko mbiombio.

Nikakutana uso kwa uso na mama mkwe.

Wenzangu mnajua, kwao na kwetu pia, mwanamume na mama mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani mmoja huingia porini. Na huyu hapa mbele yangu, kisu mkono mmoja, firigisi mkono wa pili, haijapasuliwa. Kichwa changu kikatafuta njia iliyo sahihi kabisa, na kikaipata: nikafumba macho, nikapiga magoti, nikakinga viganja.

"Mama, naomba firigisi."

"Woi!" Nilisikia kisu kikianguka na miguu ikikimbilia migombani. Nilipofumbua macho, mama mkwe hayupo, na firigisi iko kinywani mwa mbwa.

Nikamfuata. Mbwa akaona njia fupi ni katikati ya wazee, nami nikaona hivyohivyo.

"Mkwe nafukuza nini?" mzee mmoja akaniuliza nikimpita.

"Firigisi!"

"Yesu! Watu ya Busia hawakuli kwao?"

Tukaizunguka ghala, tukapindua viti, koti likachanika mgongoni, na mwisho nikamdaka mbwa chini ya pikipiki yenyewe. Nikaipasua firigisi kwa kucha mbele ya macho ya ukoo mzima. Mchanga, mtama, ushanga mmoja wa buluu. Kabari hakuna.

Ikabidi nirudi mbele ya Mzee Owor na sahani yake tupu, nipige magoti, nieleze yote. Mzee Owor alisikiliza mpaka mwisho. Firigisi, kama mjuavyo, ni ya mwenye nyumba, na yake ilikuwa mkononi mwangu na mate ya mbwa.

"Kwa hiyo wewe hapana kuja kuoa," akasema polepole. "Wewe nakuja kutafuta chuma ndani ya kuku. Injini nakufa kwa mlango yangu, mama ya watoto nalala kwa migomba, mbwa nakula heshima yangu." Akamgeukia shangazi. "Mama, peleka mtoto yako nyumbani."

Shangazi akajifunika uso kwa kitenge. Nilimwona Athieno mlangoni na birika la maji ya kunawa, ameinamisha kichwa. Machozi yakanijia, nikaingiza mkono mfukoni, nikaitoa hanchifu, nikaikunjua.

Tik.

Kitu kikaanguka kwenye sahani tupu mbele ya Mzee Owor. Wote tukakitazama. Kilikuwa safi, kinang'aa, bila hata doa la kutu.

"Nini hii?"

"Ndiyo yenyewe, baba."

"Ilikuwa wapi?"

"Mfukoni."

Kule migombani mtu akacheka. Alikuwa mama mkwe, akicheka peke yake mpaka anakohoa, na kicheko chake kikavuka ua kikawashika akina mama, kikawashika kaka zake Athieno, mwisho kikamshika Mzee Owor mwenyewe, fimbo ikamwanguka.

"Tengeneza," akasema akijifuta macho. "Ikiamka, tunaongea. Ikikataa, unasukuma mpaka Busia."

Nikafungua injini palepale, kaka zake wakinigandamizia springi. Athieno aliketi na bakuli la kabari mapajani, anafukuza kuku kwa ncha ya kanga yake. "Zihesabu nikiona," akaniambia. Tukazihesabu pamoja. Na nilipopiga teke la kwanza injini ikawaka, ikatulia, ikanguruma taratibu, na katika utulivu ule, mbele ya wote, ikasema: tik, tik, tik.

Nilitaka ardhi inimeze. Athieno akainama, akaweka kidole kwenye kifuniko kilicholegea cha kisanduku cha spana, ubavuni mwa pikipiki. Kimya. Akakiondoa kidole. Tik.

Mahari walikubali. Nililipa pia kondoo kwa kumtazama mama mkwe, ingawa nilijitetea kwamba nilifumba macho (wazee waliamua kwamba lazima niliyafumbua kwanza, la sivyo ningejuaje wa kumpigia magoti). Baba mdogo huwa anakigonga tu kile kifuniko kwa ukucha kila ninapopita.

Nimeapa kwamba injini isiyolalamika sitaifungua tena, na kuku sitamtuhumu kabla ya kujipekua mwenyewe. Kiapo hicho Athieno hakiamini. Kila asubuhi kabla sijaenda kiwandani hunisimamisha uani, akanipapasa mfuko wa kulia, akanipapasa wa kushoto, na kuku wote wamesimama wanatutazama.