Tui la Pili la Kuruthumu

Kuruthumu wa Lindi alikuwa hatupi kitu, na mimi Melkiori, msimamizi wake kiwandani Gerezani, tabia hiyo ilinikera kweli kweli.

Tulikuwa tunagandisha mafuta ya pamba kwa hidrojeni. Tulitia vumbi jeusi, mkaa laini uliobeba chembe za nikeli. Bila hilo mafuta hayashiki hidrojeni ng'o! Ukizidisha hidrojeni, unapata mshumaa unaoganda kaakaani, kwa hiyo tulikomea katikati. Kazi ya Kuruthumu ilikuwa kulichuja vumbi lililokwisha kutumika na kulimwaga.

Yeye akawa analitia kwenye pipa la maji, maana likikauka huwaka lenyewe. "Ndugu Msimamizi," aliniambia, "machicha hayatupwi kabla ya tui la pili."

"Hapa kiwandani, si jikoni kwako! Mwaga!"

Hakumwaga. Alilificha pipa. Nikampeleka ofisini, akaachishwa kazi, kitambulisho chake cha kazi nikabaki nacho mimi. Na ulikuwa mwaka themanini na tatu, wasio na kazi wanakusanywa mitaani, wanapakiwa kwenye malori kwenda kulima. Nilijua, na bado nikafanya. Hasira hasara.

Siku ya nne tukaambiwa vumbi jipya halitakuja, fedha za kigeni hakuna. Jumatatu kiwanda kinafungwa. Watu arobaini, nami nimo, tungebaki bila kazi kama yeye. Ndipo nikalikumbuka pipa.

Nilimkuta chumbani kwake Kariakoo, kajifungia mchana kweupe akiogopa malori. Moyo uliniuma.

"Dada Kuruthumu, pipa liko wapi?"

"Kitambulisho changu kwanza, Ndugu Msimamizi."

Nikarudi Gerezani kwa miguu, jua la utosini, nikakileta. Akakifunga kwenye pindo la khanga, tukaongozana. Kumbe pipa lilikuwa nyuma ya tangi bovu, hatua kumi kutoka mezani pangu, maji pomoni.

Tukalitia vumbi kwenye mafuta, lakini lilikuwa limechoka. Kazi ya saa mbili ilichukua saa tano, na wote arobaini tulisimama pale tukisubiri. Mwisho Kuruthumu akadondosha mafuta kwenye kijiko baridi. Yakaganda, meupe, laini. Watu wakapiga vigelegele.

Nikafungua kinywa nimwombe radhi, akanitia kijiko mkononi.

"Onja kwanza. Kisha useme kwa sauti, wenzangu wasikie."

Nikaonja. Yaliyeyuka ulimini. Nikasema kwa sauti.