Siku Niliyoambiwa Nioshe Hesabu Yangu

Siku ya utambulisho nilipelekwa Sindeni na baba yangu mdogo, ambaye ndiye alikuwa mshenga wangu. Njia nzima kutoka Korogwe nilimuuliza kama shati langu limekunjamana. Mimi ni mtu wa wasiwasi, na siku ile nilikuwa na haki ya kuwa nao. Sisi ni wajukuu wa manamba walioletwa kukata mkonge, kila mmoja na asili yake, na ukweni kwangu ni Wazigua wenye mashamba yao na makaburi ya babu zao palepale. Barua ya posa ilikuwa imeshapokelewa. Binti alipoulizwa alinyamaza, na kimya cha mwari, kama tujuavyo, ni kukubali. Kilichobaki ni wazee kuniona sura.

Waliniona. Tulikaa mkekani, chai ikanywewa, habari za mvua na mahindi zikaisha, kikaingia kimya. Baba mdogo hawezi kimya.

"Kijana wetu huyu ni mwalimu wa hesabu, ana maajabu yake," akasema. "Mtajieni namba iliyo moyoni muone."

Ningeweza kukataa. Lakini mchezo ule ndio mahali pekee duniani ambapo mikono yangu haitetemeki. Unachora vyumba kumi na sita, vinne kwa vinne. Mtu anataja namba, nawe unamkazia macho kana kwamba unasoma kitu usoni mwake, kisha unajaza vyumba harakaharaka. Akijumlisha kwenda kulia, akijumlisha kushuka, akijumlisha pembe kwa pembe, inakuja namba yake ileile. Siri yenyewe ni ndogo: vyumba kumi na viwili nimevikariri, havibadiliki, na hivyo vinne vilivyobaki ndivyo ninavyovipigia hesabu. Wanafunzi wangu hushangilia mpaka darasa la jirani wanatugongea ukuta.

Karatasi haikuwepo karibu, nikaletewa ubao wa chuo na wino wake, ule ubao ambao watoto wa nyumba ile huandikia aya zao kisha wakauosha. Hapo ndipo akili ilipaswa kunijia. Haikuja. Mkwe, baba wa binti, akataja hamsini na nane. Nikamkazia macho, nikajaza: nane, kumi na moja, thelathini na nane, moja, nikashuka hivyo mpaka chumba cha mwisho. Nikamwambia ajumlishe popote apendapo.

Hakujumlisha. Aliutazama ubao, akauweka chini taratibu kama mtu anayetua chungu cha moto.

"Hivi vyumba navifahamu," alisema. "Nimeviona ndani ya hirizi."

"Ni hesabu tu, mzee."

"Wapiga falaki wote husema ni hesabu tu."

Shangazi wa binti, aliyekuwa amekaa mlangoni, ndiye aliyeuliza: "Na mwanetu naye ulimwandikia?"

Nilikuwa nimemwandikia. Ilikuwa siku ya kwanza kabisa kuonana, Korogwe, kwenye kibanda chake cha cherehani karibu na stendi, nilikopeleka suruali ipunguzwe. Alitaja arobaini na tatu, nikamwandikia kwa chaki yake ya kitambaa, akacheka sana, nami kesho yake nikarudi na suruali isiyo na tatizo lolote. Basi nikasema ndiyo, nilimwandikia. Baba mdogo akashusha macho kwenye kikombe kitupu. Nikajaribu kuitoboa siri yote, chumba kwa chumba, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana fundi wa hirizi.

Mkwe hakukasirika, na hilo liliniogopesha zaidi. Alisema niiandike ile ya Korogwe kando ya ile yake, kisha nizioshe zote mbili, maji yakamwagwe pasipopita mtu. Halafu binti aitwe, aulizwe upya.

"Na safari hii kimya hakitatosha," alisema. "Aseme kwa mdomo wake. Kama ni yeye anayekutaka, maji hayatamwondolea kitu."

Nikaosha. Mimi, mwenye shahada ya hisabati, niliusugua ubao ule nikihakikisha hakuna mkia wa tarakimu uliosalia. Sikuziogopa namba, namba nazijua. Lakini ukiuondoa mchezo ule, nina nini cha kumfanya mtu acheke? Niliogopa kwamba tunamwaga kitu pekee alichonipendea, na atakayebaki pale mkekani ni mimi mtupu.

Akaitwa. Alikuja amejitanda khanga, akakaa nyuma ya shangazi yake. Baba yake akamweleza yote, ubao ukiwa bado unachuruzika, kisha akamuuliza kama anamtaka mwanamume huyu au hamtaki. Alinyamaza. Baba mdogo akaanza kukohoa. Alinyamaza tena, nami nikaanza kufikiria jinsi nitakavyomwambia mama yangu.

"Namtaka," alisema.

Shangazi akapiga kigelegele, wali ukaletwa, wazee wakarudi kwenye mahindi yao kana kwamba hapakuwa na jambo.

Tulipoaga, binti na shangazi yake walitusindikiza hadi barabarani kwenye bodaboda. Shangazi alitangulia na baba mdogo, wakitaniana kuhusu kikohozi chake. Nikapata nafasi.

"Mbona ulikawia vile?" nilimuuliza huku nikicheka. "Ulitaka kuniua?"

Yeye hakucheka.

"Nilikuwa najisikiliza," alisema. "Ile mara ya kwanza sikunyamaza kwa haya. Sikujua kama ni mimi ninayekutaka au ni zile namba zako."

"Miezi yote hii? Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje," alisema, "na niliyekuwa namwogopa ni wewe?"